UZI: Ayala, mnyama tunayemwita paa kimakosa, na watu waliomjua mmoja mmoja

Mwana wa Kongwa:

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi mjumbe mmoja alituma picha ya mnyama mwenye pembe zilizotanda kama mbuyu wa kiangazi, akauliza ni nani. Majibu yakawa mengi: paa, swala, kulungu, mbawala. Nikanyamaza, maana jibu langu ni refu. Nimefanya kazi misimu miwili katika shamba la wanyama hao kusini mwa Nyuzilandi, na kabla ya hapo nililelewa kwenye ng'ombe wa Kongwa. Leo nimepata nafasi. Nitaandika kwa vipande, ulizeni popote.

Kwanza jina. Paa, swala, kulungu, mbawala, pofu, hata nyumbu, wote ni ukoo mmoja na ng'ombe na mbuzi. Pembe zao ni mfupa uliovikwa gamba la kitu kilekile cha kwato na kucha. Hazitoi matawi, hazidondoki, na mnyama akivunjika pembe ndiyo basi tena. Mnyama wa kwenye picha ana ukoo wake mwingine kabisa. Pembe yake ni mfupa mtupu, ina matawi, na kila mwaka inadondoka yote na kuota upya. Waliotafsiri Biblia walimwita ayala, yule wa Zaburi ya 42, na jina hilo ndilo nitakalolitumia. Huyu wa kwenye picha ni ayala mwekundu.

Barani Afrika ayala wa asili ni mmoja tu, na anaishi kwenye misitu ya mpakani mwa Tunisia na Algeria. Huku kusini ya Sahara hakuwahi kufika kwa miguu yake. Ndiyo maana hatuna jina lake la nyumbani.

---

Mwana wa Kongwa:

Sasa pembe zenyewe.

Siku ya kwanza niliposhika pembe changa ya dume nilirudisha mkono upesi. Ilikuwa ya moto. Chukua sikio la mbuzi aliyeshinda juani, lifanye nene kama mkono wa mtoto, lipe manyoya mafupi laini, kisha ndani yake usikie damu inagonga vidoleni. Hiyo si pembe tunayoijua sisi. Ni kiungo kilicho hai, kina mishipa ya damu, kina neva, na kwa dume mkubwa kinaweza kurefuka sentimita 2 kwa siku moja. Hakuna mfupa mwingine wa mnyama anayenyonyesha unaokua kwa kasi ya namna hiyo. Wala hakuna kiungo kingine kamili ambacho wanyama wa kundi letu hukiotesha upya kila mwaka.

Saa inayoendesha jambo hili ni jua. Mchana ukirefuka au kufupika, ubongo wa ayala hupima usiku kwa homoni ya melatonini, na hiyo ndiyo inayopanga homoni ya kiume ipande lini na ishuke lini. Ikishuka, majira ya kuchipua, pembe kavu zinaachia zenyewe. Unazikuta zimelala majanini, moja huku, nyingine hatua mia mbele. Kichwani panabaki kisiki chenye kidonda, na baada ya muda mfupi pembe mpya inaanza kuchomoza. Homoni ikipanda tena kuelekea msimu wa kupandana, pembe inakuwa mfupa mkavu, ngozi laini inakufa, na dume anaisugua kwenye miti mpaka inang'oka vipande vipande vya damu. Dume akihasiwa wakati pembe zikiwa changa, zinabaki hivyohivyo na ngozi yake, hazikomai wala hazidondoki.

Madini ya kujenga mfupa wote huo hayatoki kwenye majani peke yake. Mnyama anayachota kwenye mbavu zake mwenyewe. Kwa wiki kadhaa mifupa yake inalegea kama ya bibi kizee, kisha inajirudisha. Madaktari wa mifupa wanalifuatilia sana jambo hili.

Kuna jaribio la mwaka 1974 ambalo nililisoma mara tatu. Watafiti wawili, Hartwig na Schrudde, walichukua utando unaofunika mfupa wa paji la uso la ayala mchanga, mahali ambapo kisiki kingeota, wakaupandikiza mguuni. Mguu ukaota pembe. Kumbe amri ya kuota imo ndani ya utando huo mdogo, ndani ya seli shina zake, na popote utakapoupeleka utaikumbuka kazi yake.

---

BintiPangani:

Shukrani kaka, mimi ndiye niliyeandika "swala" kwenye ile picha, nimekubali. Swali: hapo shambani mlikuwa mnafuga kwa ajili ya pembe au nyama? Na hiyo pembe changa yenye neva, mkiikata hasikii maumivu?

---

Mwana wa Kongwa:

Dada, vyote viwili, nyama na pembe. Nyama inakwenda zaidi Ulaya na Marekani, pembe changa zinakwenda Korea Kusini na China, ambako ni dawa ya asili tangu zamani sana.

Kuhusu maumivu, angesikia sana, na ndiyo maana sheria ya kule hairuhusu kukata bila ganzi. Nieleze nilichokifanya kwa mikono yangu. Dume anaingizwa kwenye banda lenye mwanga hafifu, kwa sababu ayala gizani hutulia. Anabanwa kwenye kizimba chenye kuta za sponji. Ganzi inachomwa kuzunguka kisiki, sindano kadhaa, halafu unasubiri. Kusubiri huku ndiko kunakomtofautisha mtu makini na mtu mwenye haraka. Mwenye shamba wangu alikuwa anatazama saa ya ukutani, hasemi neno. Muda ukitimia unajaribu ukingo wa pembe kwa msumeno kidogo tu. Dume akitikisa sikio, unaongeza ganzi na kuanza kusubiri upya. Unafunga mpira wa kubana damu, unakata sentimita chache juu ya kisiki. Ukikigusa kisiki chenyewe umeharibu pembe za maisha yake yote.

Anayetaka kukata lazima afundishwe na asimamiwe na daktari wa mifugo. Uingereza wao walipiga marufuku ukataji wa pembe changa tangu 1980, na hoja yao naielewa. Nimekata kwa msimu mzima na sijawahi kuifurahia kazi ile hata siku moja. Lakini pia nimeona madume wawili wenye pembe kavu wakifungiwa zizi moja kwa kosa la mtu, na mmoja hakutoka. Kwa anayefuga, kuziacha zikomae nako kuna vifo vyake.

---

mkulimaNjombe:

Mkuu, hawa si wanyama wa porini? Ng'ombe wetu wana maelfu ya miaka na binadamu. Hao wa Nyuzilandi waliwafuga lini?

---

Mwana wa Kongwa:

Juzi tu. Nyuzilandi haikuwa na ayala hata mmoja. Walipelekwa na Waingereza katikati ya karne ya 19 ili wapate cha kuwinda. Hakukuwa na simba, chui wala mbwa mwitu, wakazaana mpaka milima ikaanza kuporomoka kwa kukosa majani ya kushika udongo. Kufikia 1930 serikali iliwaondolea ulinzi wote na kuajiri watu wa kuwaua. Miaka ya 1960 wakaja wafanyabiashara wa nyama na helikopta, wanawapiga risasi kutoka angani.

Halafu mtu akauliza: kwa nini tumwue mnyama ambaye nyama yake inanunuliwa? Sheria ikaruhusu ufugaji mwishoni mwa miaka ya 1960, na watu walewale wa helikopta wakaanza kurusha nyavu badala ya risasi. Wakulima hawakujua chochote. Uzio wa kondoo ayala anauruka kama anavuka kijito. Ilibidi wajenge wa karibu mita 2.

Hapo ndipo sayansi ilipoingia, na sijaona mahali pengine mkulima na mtafiti walipotegemeana kiasi hicho. Kituo cha Invermay, karibu na Dunedin, kilianza kuwachunguza ayala mwanzoni mwa miaka ya 1970. Waligundua, kwa mfano, kwamba majira ya baridi ayala hupunguza kula hata ukimjazia chakula mbele yake. Mkulima aliyezoea ng'ombe angedhani anaumwa. Hapana, ni ileile saa ya jua. Wakagundua pia kwamba jike hubeba mimba siku zipatazo 233, kwa hiyo huzaa Novemba na Desemba, na anapohitaji maziwa mengi zaidi majani yanakuwa yameshaanza kukauka. Nyasi za wazungu wale zimepangwa kwa ajili ya kondoo. Miaka na miaka wametafuta namna ya kumfanya jike azae mapema kidogo.

Katikati ya miaka ya 2000 mashamba yalikuwa na ayala zaidi ya milioni 1.5. Leo hawafiki milioni moja, bei ilianguka na wengi wakahamia ng'ombe wa maziwa.

---

Mwana wa Kongwa:

Naendelea. Kipande hiki ndicho kilichonifanya nifungue uzi.

Kuna kisiwa magharibi mwa Uskoti kinaitwa Rum. Mvua, upepo, mlima na majani. Taasisi ya serikali ya Uingereza ya uhifadhi ilikinunua 1957, na utafiti wa ayala wake ulishaanza kabla ya hapo. Mwaka 1972 uwindaji ulisimamishwa upande wa kaskazini wa kisiwa, na Tim Clutton-Brock, Fiona Guinness na wenzao wakaanza kazi ambayo haijakoma mpaka leo: kumjua kila ayala mmoja mmoja.

Naomba mlielewe hilo vizuri. Hawakuhesabu kundi. Walimjua huyu kwa alama ya uso, yule kwa sikio, huyu mwingine kwa umbo la pembe. Nani kazaliwa na nani, lini, akiwa na kilo ngapi, mama yake alikuwa na hadhi gani kati ya majike, alizaa mara ngapi, alikufa wapi. Ndama akizaliwa wanamfuata kwenye majani, wanampima, wanamwekea alama, wanamrudisha alipofichwa. Baadaye vipimo vya vinasaba vikaja kuthibitisha nani ni baba. Kizazi baada ya kizazi, zaidi ya miaka 50.

Sisi wafugaji tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko mtu yeyote. Baba yangu hakuwa na daftari, lakini ukimuuliza ng'ombe wake mmoja alikuwa anakutajia mama, bibi, na mwaka wa ukame aliozaliwa. Nilipoona majedwali ya Rum nilimkumbuka yeye.

Waligundua nini? Kwamba kulea mtoto wa kiume kunamgharimu mama zaidi. Ndama dume ananyonya zaidi, na jike aliyelea dume ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukosa mimba mwaka unaofuata. Halafu 1984 wakaonyesha kwamba majike wenye hadhi ya juu walizaa madume wengi kuliko wanyonge. Ilipendeza, maana dume mwenye mama mwenye nguvu atakuwa na nguvu na atazaa wengi. Ingekuwa utafiti wa miaka mitatu, tungeishia hapo na kuiweka vitabuni milele. Lakini waliendelea. Uwindaji ulipokwisha majike waliongezeka zaidi ya maradufu, chakula kikabana, na mwaka 1999 Loeske Kruuk na wenzake wakaonyesha kwamba ule uhusiano umetoweka. Palepale, ukoo uleule. Ilikuwa kanuni ya shibe.

Na wakati majike wanaongezeka, madume walipungua: ndama wengi wa kiume walikufa majira ya baridi, na waliokua wengi walihama. Mwenye msitu wa kuwindisha huko Uskoti anayedhani akilimbikiza majike atapata madume wengi wenye pembe nzuri, Rum inamwambia anafanya kinyume.

Jambo la mwisho la Rum: tangu miaka ya 1980 ndama wamekuwa wakizaliwa mapema zaidi, tofauti imefika siku zipatazo 12. Sehemu ni joto kuongezeka, na sehemu, kama walivyoonyesha 2019, ni urithi wenyewe kubadilika, majike wenye vinasaba vya kuzaa mapema wakiacha watoto wengi zaidi. Badiliko la kurithi limeonekana ndani ya maisha ya mtafiti mmoja.

---

BintiPangani:

Hiyo ya kanuni ya shibe nimeirudia mara mbili. Na lile guruma lao? Nimeona video, dume ananguruma kama simba mwenye mafua.

---

Mwana wa Kongwa:

Ukilisikia usiku kwa mara ya kwanza utafunga mlango dada yangu. Dume anashusha koo lake lote kuelekea kifuani ili sauti itoke nzito, asikike mkubwa kuliko alivyo. Madume wawili hupimana kwa sauti kwanza, wanatembea sambamba, na wengi huachana bila kugusana pembe. Kupigana ni ghali, dume hali vizuri msimu mzima na anamaliza amekonda sana.

Karen McComb alitumia ayala wa kufugwa Nyuzilandi kuuliza kama majike nao wanasikiliza. Aliwapigia majike sauti zilizorekodiwa, bila dume kuwepo. Wakaingia joto mapema kuliko wenzao ambao hawakusikia. Matokeo yalitoka 1987. Swali kama hilo porini lisingejibika, kwa kuwa huwezi kumtenga dume na sauti yake. Shamba na pori vinahitajiana.

---

mkulimaNjombe:

Na uhifadhi? Umesema wengine walikuwa tele mpaka wakauawa kwa helikopta. Wapo walio hatarini?

---

Mwana wa Kongwa:

Wapo wengi. Nitaeleza mmoja.

China kulikuwa na ayala wa mabwawa, mwenye kwato pana za kukanyaga tope na mkia mrefu. Wachina wanamwita milu, na wana jina jingine lenye maana ya "asiyefanana na wanne". Porini alikwisha zamani. Waliobaki walikuwa ndani ya bustani ya kuwindia ya mfalme kusini mwa Beijing, nyuma ya ukuta mrefu. Mwaka 1865 padri Mfaransa, Armand David, alichungulia juu ya ukuta huo akawaona, na baadaye wachache wakapelekwa Ulaya. Miaka 30 hivi baadaye mafuriko yakabomoa ukuta, wanyama wakatoka, wenye njaa wakawala. Vita vya 1900 vikamaliza waliobaki.

Waliokuwa Ulaya walikuwa wametawanyika kwenye bustani za wanyama. Mtawala wa Bedford, Uingereza, akawakusanya 18 kwenye ardhi yake ya Woburn Abbey. Milu wote walio duniani leo wametokana na kundi hilo dogo. Mwaka 1985 walianza kurudishwa Beijing, palepale bustanini, na 1986 wengine 39 wakapelekwa Dafeng, kwenye pwani ya Jiangsu. Sasa China ina zaidi ya 10,000, na baadhi wanaishi bila uzio baada ya kutoroka wakati wa mafuriko ya mto Yangtze ya 1998. Mafuriko yaliwamaliza, na mafuriko yakawarudisha porini.

Wamezaliana ndugu kwa ndugu kwa zaidi ya miaka mia, na bado wanazaa. Hilo halimaanishi ni salama. Wote wanafanana mno, ugonjwa mmoja unaweza kuwapita kama moto wa nyika.

Na milu anaunganika na shamba. Invermay walimpandisha na ayala mwekundu, kwa kuwa msimu wake ni wa mapema, wakitafuta lile suala la ndama kuzaliwa kabla majani hayajakauka. Mimba ya milu ni siku zipatazo 283, karibu wiki saba zaidi, ndama chotara wakawa wakubwa na majike wengine wakashindwa kuwazaa. Ila wale chotara waliwasaidia watafiti kuchora ramani ya vinasaba vya ayala.

---

mkulimaNjombe:

Basi mkuu niambie ukweli. Njombe kuna baridi, nina ekari 40 za majani. Nikileta ayala 20?

---

Mwana wa Kongwa:

Usilete, kaka. Nakwambia kwa upendo.

Ayala ni mwepesi wa kubeba kifua kikuu cha ng'ombe. Marekani kuna ugonjwa wa kudhoofika unaoletwa na prioni, yaani protini iliyoharibika umbo, ulionekana kwanza 1967 kwa ayala waliofungiwa kwa utafiti Colorado, umesambaa majimbo mengi, hauna dawa, na vijidudu vyake, kama tunaweza kuviita hivyo, vinakaa udongoni miaka. Norwei waliukuta kwa ayala wa theluji (reindeer) 2016, wakaua kundi zima, zaidi ya wanyama 2,000, ili kuuzuia. Hilo peke yake latosha.

Na akitoroka? Umeona Nyuzilandi. Ukitaka kuona wanaofugwa jirani, Mauritius wanafuga ayala wa Java ambao Waholanzi waliwaleta 1639. Lakini kile ni kisiwa, na hakina paa wala kulungu wa kuambukizwa. Sisi tunao.

---

Laigwanan wa Simanjiro:

Nimesoma yote bila kuchangia. Umesema ugonjwa mmoja unaweza kuwapita hao milu. Ni upi? Sisi huku nyumbu wakizaa tunaondoa ng'ombe kwenye nyasi zile, hata kama ni nzuri kuliko zote. Wazee hawakuhitaji kuambiwa. Ng'ombe anayelisha alipozalia nyumbu anavimba macho, makamasi, anakufa.

---

Mwana wa Kongwa:

Mzee wangu, shikamoo. Ni huohuo.

Virusi vyake vilipatikana kwa nyumbu mwaka 1960 na Plowright, akifanya kazi Muguga, Kenya. Nyumbu havimdhuru. Ndama wake ndiye anayevitoa kwa makamasi na machozi katika miezi yake michache ya kwanza, ndiyo maana wazee wenu waliangalia kuzaa na si nyumbu mwenyewe. Kondoo naye ana virusi vya jamii hiyo, haugui, lakini ayala akivipata anaweza kufa. Milu ni miongoni mwa wanaokufa upesi zaidi, na ndiyo sababu nyingine ya kumkatalia ndugu yangu wa Njombe, maana jirani zake wote wana kondoo. Shambani kwetu kondoo hawakuruhusiwa karibu na banda la ayala, na mimi niliposikia sababu nilijua nimeshaisikia kwa watu wa kwenu.

Chanjo ya ile ya nyumbu imejaribiwa kwa ng'ombe huko huko Tanzania, ikitokana na kazi ya watafiti wa Uskoti, kinga ikapatikana kwa sehemu tu. Bado si ya kutegemea.

Mzee, nina ombi. Huwa mnakaa siku ngapi kabla ya kurudisha ng'ombe kwenye nyasi zile, na mnajuaje kwamba sasa ni salama? Ni ndama kubadilika rangi, au mvua?

---

Laigwanan wa Simanjiro:

Marahaba. Rangi. Ndama wa nyumbu anazaliwa wa kahawia hafifu. Akianza kuwa mweusi kama mama yake, tunarudi.